Somo: Kampuni hubakije sokoni? Bidhaa na masoko kwenye meza moja

Tuna misemo miwili inayogombana. Mmoja unasema biashara ni matangazo. Mwingine unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu wa masoko wameushika wa kwanza kama hirizi, watu wa bidhaa wameushika wa pili, na vikao vyao vinaishia kwenye lawama. Kampuni inayodumu haichagui msemo. Anayebuni na anayetangaza huamua pamoja tangu siku ya kwanza, tena jambo gumu wanaloamua ni nini cha kuacha. Twende hatua kwa hatua. Ya kwanza na ya tano nitazikalia zaidi, maana huko ndiko wengi wanakofia.

Hatua ya 1: Jua mteja ananunua nini hasa

Chukua Kodak, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa kuuza filamu, yaani ule utepe wa kamera za zamani. Mwaka 1975 mhandisi wake, Steve Sasson, aliunda kamera ya dijitali humohumo ndani ya kampuni. Husimuliwa kwamba baada ya hapo Kodak ililala usingizi. Si kweli: ilikuja kuuza kamera za dijitali, tena nyingi. Kilichoiumiza ni faida. Filamu mteja aliinunua tena na tena, akalipia kuisafisha, akalipia kuchapa picha. Kamera ya dijitali ukishaiuza, umemalizana naye. Mteja alikuwa akinunua kumbukumbu, na kumbukumbu zilipopata njia nyingine, filamu hakuihitaji tena. Januari 2012 Kodak ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Fujifilm, mshindani wake wa Japani, ilipigwa na dhoruba ileile, lakini ikajiuliza swali jingine: sisi tunajua nini? Filamu hutumia jelatini, ambayo hutokana na kolajeni (protini ya ngozi na mifupa), na kuzuia picha isififie ni kupambana na oksidisheni, yaani uharibifu unaoletwa na oksijeni. Ngozi ya binadamu nayo ina kolajeni, nayo huzeeshwa na oksidisheni. Mwaka 2007 ikaingiza sokoni vipodozi vya Astalift. Kampuni ya filamu kuuza krimu ya uso! Ukiitazama kwa jicho la bidhaa ni kichekesho. Kwa jicho la ujuzi, ni jirani.

Zoezi: eleza unachomfanyia mteja kwa sentensi moja, bila kuitaja bidhaa yako. Ukishindwa, usiende hatua ya pili.

Hatua ya 2: Chagua mteja, na ukubali kuwakosa wengine

Toyota ilipotaka wanunuzi wa magari ya kifahari, haikubandika bei kubwa kwenye jina lililozoeleka kwa magari imara ya watu wa kawaida. Mwaka 1989 ilizindua Lexus nchini Marekani, yenye jina lake na maduka yake. Jina moja haliwezi kumwambia mmoja "nafuu" na mwenzake "fahari" wakati uleule.

Hatua ya 3: Fyeka

Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliporudi kwenye kampuni hiyo mwaka 1997 alikuta utitiri wa kompyuta ambazo hata wauzaji walishindwa kuzitofautisha. Akachora visanduku vinne: ya mezani na ya kubeba, ya mtu wa kawaida na ya mtaalamu. Visivyoingia humo vikaondoka. LEGO, kampuni ya vitofali vya watoto kuchezea, nayo ilikaribia kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kukimbilia kila kitu, kuanzia nguo hadi bustani za burudani. Tangu 2004, chini ya mkurugenzi wake mkuu Jørgen Vig Knudstorp, ilipunguza aina za vipande vyake, ikauza sehemu kubwa ya hisa za bustani, ikarudi kwenye tofali.

Kufyeka kunauma kwa sababu kila bidhaa ina mlezi wake ofisini. Huyo atakuja na takwimu. Msikilize, kisha muulize nani angeilia isipokuwapo.

Hatua ya 4: Bei, mahali na tangazo

Hapa sikai. Tangu 1960, mwalimu wa masoko wa Marekani E. Jerome McCarthy alipoyapanga mambo manne ya masoko (bidhaa, bei, mahali, utangazaji), kila mwanafunzi anayakariri. La kukumbuka ni kwamba yote manne yaseme neno moja. Tangazo la fahari juu ya bidhaa inayopunguzwa bei kila wiki ni uongo, na mteja anaunusa.

Hatua ya 5: Jishindanie mwenyewe

Apple ilipotoa iPhone mwaka 2007, ndani yake iliweka iPod, kifaa chake cha kusikilizia muziki, bidhaa iliyokuwa ikiiingizia pesa nyingi mno. Ilijua inajila, yaani bidhaa yake mpya itakula mauzo ya ile ya zamani. Ilijua pia kwamba isipojila, italiwa.

Ila kuna namna ya kujila. Netflix ilianza kuonyesha filamu kupitia intaneti mwaka huohuo wa 2007, huku ikiendelea kutuma DVD kwa posta, na wateja wakahama taratibu. Mwaka 2011 ikapatwa na haraka: ikatenganisha malipo ya huduma hizo mbili, kisha ikatangaza kuihamishia DVD kwenye huduma mpya iitwayo Qwikster. Katika robo moja ya mwaka ikapoteza wateja wapatao 800,000 Marekani, na Qwikster ikafutwa kabla ya kuzaliwa. Mwelekeo ulikuwa sahihi. Ilichokosea ni kumsukuma mteja aliyekuwa tayari njiani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, si rahisi zaidi kuwauliza wateja wanataka nini?*

Waulize, ila ujue swali lako linapima nini. Kabla ya kubadilisha ladha mwaka 1985, Coca-Cola iliwaonjesha watu karibu 200,000, na ladha mpya ikapendwa zaidi. Ilipoingia sokoni watu wakawaka, na baada ya siku 79 ile ya zamani ikarudi. Jaribio lilipima ulimi, halikumuuliza mtu atajisikiaje akinyang'anywa kinywaji alichokulia nacho.

*Mshindani wetu amevunja bei. Tumfuate?*

Ndugu yangu, shika kalamu kwanza. Unauza kwa 100, kila kimoja kinakugharimu 70, unabaki na 30. Ukishusha bei kwa asilimia 10 unabaki na 20. Ili upate faida ileile, lazima uuze asilimia 50 zaidi. Je, wateja hao wapo? Kama hawapo, mwache avuje damu peke yake, wewe boresha kile ambacho wateja wako wanakusifia. Mfuate tu kama gharama zako ziko chini ya zake.

*Kampuni yetu ni ndogo, hatuna bidhaa ya kujila. Hatua ya tano inatuhusu?*

Bado, dada. Ninyi kaeni hatua ya pili muda mrefu kuliko mnavyopenda. Mkubwa hawezi kumfuata mteja mdogo mdogo bila kupata hasara. Hapo ndipo pana nafasi yenu.

*Na tukifyeka bidhaa halafu wateja wake wakakasirika?*

Watakasirika. Wapeni taarifa mapema, waelezeni watahamia wapi, na endeleeni kuwauzia vipuri kwa muda mliowaahidi. Na idara ya masoko ijue kabla ya tarehe ya kufyeka. Nimewahi kuona tangazo la bidhaa likirushwa wiki moja baada ya bidhaa yenyewe kusitishwa.