Kababu bapa bila unga wala mkate: ninavyozipika jikoni kwangu Kisumu

Kababu nyingi za mitaani kwetu zimejaa unga hadi nyama inaonekana kama mgeni aliyealikwa dakika ya mwisho. Ukimwuliza mpishi, atakwambia bila unga na yai zitavunjikia kwenye mafuta. Mimi sikubali. Kinachoshikanisha nyama ni chumvi na mkono. Chumvi huivuta protini ya nyama itoke, kukanda huifanya inate, kisha moto huigandisha. Lebanoni kofta, yaani kababu za kwao, hupikwa kwa nyama, kitunguu, majani na viungo, basi. Wagiriki wao huweka mkate uliolowekwa kwenye keftedes zao, kwa hiyo ukifuata mapishi yao neno kwa neno umeshaingiza wanga tunaoukwepa hapa: slesi moja ya mkate ina takriban gramu 12 hadi 15.

Mahitaji ya watu wanne:

- Nyama ya kusaga, nusu kilo
- Kitunguu kimoja cha wastani na punje 3 za kitunguu saumu
- Fungu dogo la dhania na majani ya minti ya kujaza kiganja
- Chumvi, kijiko kimoja cha chai, cha kukatwa si cha kilima
- Bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai
- Pilipili manga nusu kijiko, mdalasini robo kijiko
- Simsim iliyokaangwa ikasagwa, vijiko 2 vya mezani

Hatua ya 1: Nyama

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Usinunue nyama iliyosagwa mapema ikawekwa kwenye sinia. Huwezi kujua imekaa tangu lini, na joto la Kisumu halina subira. Nenda buchari asubuhi, chagua nyama ya bega au kidari, mwambie aisage mbele yako mara mbili. Usimruhusu akutolee mafuta yote. Karibu sehemu moja kwa tano iwe mafuta, vinginevyo utatafuna kababu kavu. Steki tupu ni ghali na haifai hapa. Ukipata kondoo, changanya nusu kwa nusu na ng'ombe, utafika karibu zaidi na ladha ya huko Bahari ya Kati. Nyama ya mbuzi pia inakubali, ila haina mafuta mengi, basi omba uongezewe kipande cha mafuta isagwe pamoja.

Hatua ya 2: Kitunguu

Kikwaruze kwa kikwaruzo, kitie kwenye kitambaa safi na ukikamue sana. Maji ya kitunguu ndiyo huzivunja kababu zisizo na unga, si kukosa yai. Yai mimi siweki kabisa. Linaifanya nyama iwe kama mpira.

Hatua ya 3: Kukanda

Tia chumvi kwenye nyama peke yake kwanza, ukande dakika mbili. Utaiona ikibadilika, ianze kunata vidoleni na kuacha nyuzi kwenye bakuli. Hapo ndipo unaongeza kitunguu, kitunguu saumu kilichopondwa, majani yaliyokatwa ndogo ndogo, viungo na simsim, kisha ukande dakika nyingine moja. Simsim inanyonya mchuzi wa nyama usikimbie. Ndiyo hiyo hiyo wanayotengenezea tahini, rojo la simsim, kule Lebanoni na Palestina, na soko la Kibuye utaipata bila shida.

Usionje nyama mbichi. Kaanga kipande kidogo, uonje hicho, kisha urekebishe chumvi.

Funika bakuli uliweke kwenye friji nusu saa ili mafuta yagande. Huna friji? Poza mikono kwa maji baridi, tengeneza na upike papo hapo.

Hatua ya 4: Kutengeneza

Lowesha viganja. Gawa mafungu 12, yaviringe, uyabonyeze yawe bapa, unene wa sentimita moja na nusu hivi. Bonyeza kidogo katikati kwa kidole gumba, kwa sababu nyama hujikunja na kufura ikishika moto.

Hatua ya 5: Moto

Kikaangio kizito, mafuta ya alizeti kijiko kimoja, moto wa wastani. Panga kababu zisisongamane. Ziache! Ukianza kuzigeuza kabla hazijapata ganda, zitabaki chini. Dakika nne upande mmoja, nne mwingine. Kwenye jiko la makaa, ngoja makaa yavae majivu, pakaa wavu mafuta, na uwe na sehemu isiyo na makaa ya kuzisogeza mafuta yakidondoka na kuwasha ndimi za moto.

Nyama ya kusaga haiachwi nyekundu katikati kama steki. Vijidudu vya juu vimesagwa vikaingia ndani. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71. Asiye nacho apasue moja.

Hatua ya 6: Cha kuliwa nazo

Wageni watauliza kuon, yaani ugali, iko wapi. Mimi huwapa biringanya. Ninaichoma nzima juu ya makaa yale yale hadi ganda liungue na ndani kulainike, naimenya, naiponda na kitunguu saumu, limau, chumvi na simsim iliyosagwa. Inajaza tumbo na inachovyeka, na wachache sana hurudi kudai ugali. Pembeni weka kachumbari ya nyanya na tango iliyomwagiwa mafuta ya zeituni. Mafuta hayo ni ghali, kwa hiyo nayaweka yaliwe hapo badala ya kuyakaangia.

Mchuzi mweupe ni maziwa lala yaliyochujwa kwa kitambaa usiku kucha ndani ya friji, tango lililokwaruzwa na kukamuliwa, kitunguu saumu na limau. Ukitumia yogati badala yake, soma kibandiko kwanza. Yogati nyingi za dukani zina sukari, na ya vanila itakuharibia kila kitu.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiondoe ugali ghafla bila kuzungumza na daktari wake, maana dawa ile ile inaweza kumshusha kupita kiasi.

Zikibaki, zikae kwenye friji siku tatu. Mbichi unaweza kuzigandisha kwenye friza kwa miezi mitatu, ukitenganisha kila moja na karatasi. Zihamishie kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kupika. Za jana zipashe moto kwenye kikaangio chenye kifuniko na vijiko viwili vya maji.