Kumlaza mtoto wa miaka miwili alale, na wewe ulale

Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu Tabata wiki mbili na binti yake wa miaka miwili na miezi kadhaa. Usiku wa kwanza mtoto alisinzia saa 5, akaamka mara tatu. Kabla hawajaondoka alikuwa analala saa 2:30 na kuamka mara moja kuomba maji. Kaniomba nimwandikie tulivyofanya ili na baba mtoto asome.

1. Anza mchana

Kwa umri wa mwaka mmoja na miwili, Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2019 kwamba mtoto apate saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, na wa mchana umo humo. Akilala mchana mpaka saa 11 jioni, usingizi wa saa 2 utautoa wapi? Mwamshe kabla ya saa 9. Kama anashinda na dada wa kazi, usimgombeze kwa kumwacha alale, maana huo ndio muda wake wa kufua na kupumua. Mpangie mtoto alale mapema, saa 6:30, akishakula.

2. Kula, kuoga, mswaki

Hili unalijua. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Chupa ya maziwa isipande kitandani, inaozesha meno.

3. Chandarua

Kishushe na kukichomeka chini ya godoro jua likizama tu, usingoje mtoto alale. Mimi nanunua cha pembe nne. Cha duara kinamlalia mtoto anayejigeuzageuza, na mguu ukigusa neti mbu anamng'ata kwa nje.

4. Hadithi, taa ikiwa imezimwa

Simu usiiingize chumbani kabisa, hata ya nyimbo za watoto. Mwambie "Paukwa!", akijibu "Pakawa!" anajua siku imekwisha. Hadithi iwe moja, ileile kila usiku. Wa kwangu alitaka Sungura na Fisi miezi minane mfululizo, na nilipomrusha Fisi kisimani mapema kuliko kawaida aliketi akanisahihisha.

5. Mlaze akiwa macho

Hapa ndipo nilipopotezea miezi mitano. Nilikuwa namfunga mwanangu mgongoni kwa khanga, natembea ukumbini mpaka shingo inalegea, namshusha taratibu kama yai. Saa 7 usiku, kilio. Namfunga tena. Saa 9, tena.

Watoto wote huzinduka kidogo mara kadhaa usiku, kisha huendelea na usingizi. Wangu alisinzia kwenye mgongo wenye joto, akazinduka kwenye godoro. Mgongo uko wapi? Lazima alie. Mtoto asinzie palepale atakapojikuta usiku wa manane, na hali iwe ileile.

Kwa hiyo mlaze macho yakiwa mazito lakini yanaona. Kaa kwenye kigoda kando yake, mkono kifuani. Akisimama, mlaze. Akisimama tena, mlaze tena. Sema sentensi moja tu: "Ni usiku, mama yupo, lala." Ukianza kujadiliana naye umemwamsha. Usiku wa kwanza tulimlaza binti wa mdogo wangu mara 26, nilihesabu. Baada ya siku tatu hivi ondoa mkono, ubaki kwenye kigoda. Siku tatu nyingine, sogeza kigoda mlangoni. Halafu toka.

Wapo wanaofunga mlango na kumwacha alie mpaka achoke. Siungi mkono. Mtoto wa umri huu anaogopa kweli, na kukuita wewe ndiyo njia aliyo nayo.

Mkilala chumba kimoja, au kitanda kimoja, si tatizo. Lala naye, ila usimkumbatie mpaka asinzie. Kama bado ananyonya, na kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi ni vizuri, mnyonyeshe umekaa, kabla ya mswaki, ziwa lisiwe ndiyo dawa ya usingizi. Usianze haya yote akiwa na homa, meno yakiota, mkiwa safarini kwa bibi, au wiki aliyozaliwa mdogo wake. Na umeme ukikatika feni ikasimama, usiku huo mpepee mpaka alale, mtaendelea kesho. Usiku mmoja hauharibu kitu. Usiku mmoja huku na mmoja kule, mama kwenye kigoda na baba akimbeba, huo unaharibu. Kubalianeni kwanza.

6. Akiamka

Sentensi ileile, bila taa. Tandika mapema tabaka mbili: shuka na mpira wa kuzuia mkojo, juu yake shuka na mpira mwingine. Akilowesha, vuta tabaka la juu, mbadilishe nguo, mlaze palepale.