Somo: Kusimamisha na kusoma theodolaiti ya kale yenye vernia

Theodolaiti ya shaba (darubini ya wapima ardhi ya kupimia pembe) iliyowekwa kabatini kama pambo bado inaweza kupima pembe hadi sekunde 20, mradi mpimaji awe na subira. Somo hili linahusu ile yenye skrubu tatu za chini za kusawazishia na vernia mbili, yaani vipimo vidogo vya kusomea sehemu ndogo za mgawanyo wa duara.

Anza na miguu. Hapa Nairobi, hasa pande za Ruai na Embakasi, udongo mweusi hudidimia polepole. Niliwahi kupima pembetatu nzima huko, jumla ya pembe ikapungua dakika 3, kwani mguu mmoja ulikuwa umezama nilipokuwa nikiandika. Tangu siku hiyo hupigilia vigingi vitatu vya mbao na kusimamisha miguu juu yake. Kisha ning'iniza timazi mpaka ncha yake ielekee katikati ya bikoni, yaani alama ya upimaji iliyowekwa ardhini.

Pili, sawazisha. Laza pimamaji sambamba na skrubu mbili, uzizungushe kwa pamoja, vidole gumba vikielekeana au vikiachana. Kiputo hufuata kidole gumba cha kushoto. Geuza digrii 90 na utumie skrubu ya tatu peke yake. Geuza tena digrii 180 kutoka mkao wa kwanza: kiputo kikihama, rudisha nusu tu kwa skrubu za chini, kwa kuwa nusu nyingine ni kosa la pimamaji yenyewe.

Tatu, weka karatasi nyeupe mbele ya darubini na urekebishe lenzi ya jicho mpaka msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini, ambao zamani ulitengenezwa kwa uzi wa buibui, uonekane mweusi kabisa. Ndipo ulenge shabaha.

Sasa soma, wala usiharakishe. Duara kuu, lile lenye mistari ya digrii, limegawanywa kila dakika 20, na vernia ina migawanyo 60 inayolingana na 59 ya duara, hivyo kila mmoja una thamani ya sekunde 20. Tuseme sifuri ya vernia imepita kidogo digrii 47 na dakika 20. Tembeza kioo cha kukuzia hadi uone mstari wa vernia uliokutana na wa duara kana kwamba ni mstari mmoja, huku majirani zake wakipishana kidogo pande zote mbili. Ukiwa ni wa 26, ongeza dakika 8 na sekunde 40: digrii 47, dakika 28, sekunde 40.

Mwisho, pindua darubini, upime upya kwa uso wa pili (chombo kikiwa kimegeuzwa upande wa pili), uchukue wastani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini tusome vernia zote mbili?
Jibu: Kitovu cha duara na kitovu cha mzunguko hukutana kikamilifu kwa nadra. Vernia zinatazamana, kwa hiyo wastani wake hufuta kosa hilo.

Swali: Ramani ya shamba la babu inasema minyororo 3 na pete 25. Ni mita ngapi?
Jibu: Mnyororo wa Gunter, wa mwaka 1620, una futi 66 na pete 100, yaani mita 20.1168. Shamba lako lina takriban mita 65.38 upande huo.

Swali: Naweza kung'arisha duara kwa dawa ya shaba?
Jibu: Tafadhali usifanye hivyo, ndugu yangu. Mistari hiyo mara nyingi imechongwa kwenye utepe mwembamba wa fedha, na dawa huila. Tumia brashi laini tu.