Jinsi ya Kuitembelea Izumo, Nchi ya Visasili vya Japani

Wageni wengi wanaofika Izumo, katika mkoa wa Shimane magharibi mwa Japani, hushuka kwenye basi asubuhi, hupiga picha mbele ya kamba kubwa ya hekalu, hula tambi, na jioni huwa wamekwisha rudi Hiroshima au Osaka. Hilo si kosa, ila walichokiona ni paa na kamba. Karibu kila mto, ufukwe na kilima cha eneo hili kina kisa chake katika Kojiki, kitabu cha kale kilichokamilishwa mwaka 712, na asiyevijua visa hivyo huvipita bila habari. Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kuvisoma visa vitatu kabla ya kuondoka nyumbani, kisha kuipanga safari ifuate mfuatano wake badala ya kufuata ukaribu wa vituo vya treni.

Kisa cha kwanza ni cha Susanoo, ndugu wa Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Alifukuzwa mbinguni kwa utukutu wake, akashukia karibu na chanzo cha mto Hii, akawakuta mzee na mkewe wakilia. Nyoka mwenye vichwa vinane, Yamata no Orochi, alikuwa amekwisha wala binti zao saba, na sasa zamu ilikuwa ya Kushinada, aliyebaki peke yake. Susanoo alimtegea nyoka mapipa manane ya pombe, akamkata vipande alipolewa, na mkiani mwake akakuta upanga ambao hadi leo huhesabiwa miongoni mwa hazina tatu za kifalme za Japani. Kisa cha pili ni cha Okuninushi, wa ukoo wa Susanoo, aliyemhurumia sungura aliyechunwa ngozi wakati kaka za Okuninushi walikuwa wamemdanganya sungura huyo aoge maji ya bahari. Cha tatu ndicho kizito zaidi: Okuninushi alipokuwa amekwisha ijenga nchi, wajumbe kutoka mbinguni walimtaka aikabidhi kwa kizazi cha Amaterasu, naye akakubali kwa sharti kwamba ajengewe jumba refu lisilo na mfano. Jumba hilo ndilo asili ya hekalu la Izumo Taisha.

Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza ya Japani, inayoombwa katika ubalozi ulioko Dar es Salaam au Nairobi. Ukishafika Tokyo, njia ya haraka ni ndege hadi uwanja wa Izumo, lakini ninayoipendekeza ni treni ya usiku iitwayo Sunrise Izumo, ambayo huondoka Tokyo karibu saa nne usiku na kufika Izumo karibu saa nne asubuhi. Tiketi zake hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari na vyumba huisha upesi, hasa mwishoni mwa juma. Anayetoka Osaka au Hiroshima hupitia Okayama, na kutoka hapo treni ya Yakumo hukata milima kwa muda wa saa tatu hivi. Tenga angalau siku tatu kamili, na uchukue chumba mjini Matsue au katika kitongoji cha chemchemi za maji moto cha Tamatsukuri, ambacho kiko katikati ya kila kitu.

Anza na milima, mahali nyoka alipouawa. Reli ya Kisuki huanzia kituo cha Shinji na kupanda taratibu kulifuata bonde la mto Hii, lakini treni zake kwa siku ni chache mno, hivyo andika saa za kurudi kabla hujapanda. Gari la kukodi ni rahisi zaidi, na dereva wa Afrika Mashariki hatapata taabu kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto. Jambo la kuhakikisha mapema ni kwamba Japani hutambua tu vibali vya kimataifa vya udereva vilivyotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1949. Bonde hili lilikuwa kitovu cha ufuaji wa chuma kutokana na mchanga wa milimani, na katika kijiji cha Sugaya bado limesimama jengo la kale la tanuru, lenye paa refu na sakafu ya udongo. Wapo wanaosema kwamba nyoka mwenye vichwa vinane ni mto wenyewe, uliokuwa ukifurika na kumeza mashamba, na kwamba upanga wa mkiani ni kumbukumbu ya chuma hicho. Ukiutazama mto Hii ukiwa umejaa mchanga, umegawanyika katika mikondo mingi, maelezo hayo hayaonekani kuwa ya mbali.

Siku ya pili iwe ya Izumo Taisha peke yake, na fika mapema. Njia ya kuingilia hushuka badala ya kupanda, jambo lisilo la kawaida kwa mahekalu ya Japani, nawe utapita chini ya malango manne, la mwisho likiwa la shaba lililowekwa mwaka 1666. Tembea pembeni mwa njia, kwa maana katikati huachiwa miungu. Kwenye birika la maji nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha usukutue kinywa kwa maji uliyoyatia kiganjani, si kwa kugusisha kata mdomoni. Mbele ya lango la ndani Wajapani huinama mara mbili, hupiga makofi manne na kuinama tena mara moja. Kwingine makofi huwa mawili. Mgeni mwenye dini yake halazimiki kufanya lolote kati ya haya. Kuvua kofia na kusimama kimya pembeni kunatosha, wala hakuna atakayekuuliza.

Jumba kuu la sasa ni la mwaka 1744 na kimo chake ni mita 24, lakini mapokeo yalikuwa yakisema kwamba la zamani lilifikia mita 48. Wengi waliyachukua maneno hayo kuwa chumvi, hadi mwaka 2000 wachimbaji walipofukua mbele ya lango mashina ya nguzo, kila nguzo ikiwa magogo matatu yaliyofungwa pamoja, yenye upana wa karibu mita tatu. Angalia chini unaposimama hapo, kwa kuwa mahali pa nguzo pamechorwa kwa duara tatu tatu kwenye mawe. Wageni hawaruhusiwi kuingia jumbani, nao wengi huondoka wasijue kwamba Okuninushi, ndani mwake, huelekea magharibi. Zunguka ua hadi upande huo, utawaona wenyeji wakisali mara ya pili, ana kwa ana naye. Ile kamba ya picha, yenye urefu wa takriban mita 13, haiko hapa bali katika ukumbi wa jirani uitwao Kaguraden, na mtindo wa kurusha sarafu zinase ndani yake haupendezi, uachwe. Jumba la makumbusho lililo karibu huhifadhi panga 358 za shaba zilizofukuliwa Kojindani mwaka 1984. Hakikisha kwanza kama liko wazi.

Kwa chakula cha mchana kuna tambi za soba za Izumo, ambazo huletwa katika bakuli tatu nyekundu zilizopangwa juu kwa juu. Mchuzi humiminwa juu ya tambi za bakuli la kwanza, na unaobaki humwagiwa la pili, halafu la tatu. Msomaji Mwislamu ajue kwamba mchuzi huo kwa kawaida huwa na mirin, yaani kileo kitamu cha mchele, ingawa hauna nyama. Aulize kabla ya kuagiza. Baada ya hapo tembea hadi ufukwe wa Inasa, mahali ambapo kisa cha kukabidhi nchi kilitokea, na ambapo mjumbe wa mbinguni aliketi juu ya ncha ya upanga wake. Wenyeji huchota mchanga hapa, huupeleka katika hekalu dogo la Susanoo nyuma ya jumba kuu, na kubadilishana na mchanga uliokwisha wekwa huko. Ukitaka kufuata desturi hiyo, ufukwe utangulie hekalu.

Matsue huitosha siku ya tatu. Ngome yake ya mwaka 1611 ni mojawapo ya 12 tu zilizobaki na mnara wa asili, na mashua za mfereji unaoizunguka zina paa linaloteremshwa kila zinapopita chini ya madaraja yaliyo karibu na maji, abiria wote wakijikunja hadi magotini. Kusini mwa mji, katika hekalu la Yaegaki alikofichwa Kushinada, wasichana huelesha karatasi yenye sarafu juu ya kidimbwi. Ikizama upesi, ndoa iko karibu.

Kuhusu majira, kipupwe huku kina theluji na mawingu mengi, na masika yana maua na watu. Wakati wenye uzito wake mwenyewe ni mwezi wa kumi wa kalenda ya kale, ambao mara nyingi huangukia Novemba, kwani inaaminika kwamba miungu yote ya Japani hukutana Izumo kujadili nani ataungana na nani. Wapokeaji huwasha mioto ufukweni Inasa usiku, na katika siku zinazofuata wenyeji wa zamani hawakupiga ngoma wala kuimba wasiwasumbue. Ukichagua siku hizo, weka nafasi ya chumba miezi kadhaa kabla. Palipojaa Izumo, tafuta Matsue au Yonago, uje na treni ya alasiri, na ubebe koti zito, maana upepo wa bahari hiyo usiku ni mkali.