Kabla ya kumtengenezea mwigizaji kidonda bandia mwaloni (ufukweni wanakotua wavuvi)

Anza na kidonda chenyewe: mhusika kaumizwa na nini, na lini? Panga huacha mpasuko wenye kingo zilizonyooka. Mwiba wa pezi la sangara hutoboa tundu dogo, ngozi ikavimba kulizunguka. Kamba ya mtumbwi huchubua kiganja kwa upana. Damu ya sasa hivi ni nyekundu, ya jana imeganda na kuwa kahawia. Asiyeamua haya mapema huishia kumwaga damu ili afiche kazi, na kamera haidanganyiki.

Kisha itazame ngozi utakayoifanyia kazi. Mafunzo mengi ya mtandaoni hufanyiwa watu weupe, ambao vilio la damu (alama ya damu iliyovilia chini ya ngozi) huwatokea jekundu, kisha zambarau, kisha kijani na njano. Mpake mvuvi mweusi rangi hizo vilevile uone atakavyofanana na mtoto aliyechezea rangi za shule! Kwake tumia zambarau nzito na kahawia iliyokolea, na uvimbe ndio ubebe kazi. Nyama ya ndani ya mpasuko ni nyekundu kwa kila mtu. Kinachokuumbua ni kingo. Lateksi, yaani mpira wa majimaji wa kutengenezea kidonda bandia, ikikauka hubadilika rangi, kwa hiyo beba fondesheni inayolingana na ngozi ya mwigizaji, pamoja na nyingine iliyokoza zaidi.

Muulize kama puto au glavu za mpira humwasha. Hata akikana, mpake tone la lateksi ndani ya mkono siku moja kabla. Gundi ya kope nayo ijaribiwe, kwani nyingi zina lateksi. Vipele vikitoka, achana nayo. Akivimba midomo au kubanwa pumzi, ni hospitali mara moja. Nyusi na ndevu zipakwe mafuta ya mgando kwanza, la sivyo zitang'oka na kidonda.

Asiyeweza lateksi humfaa jelatini iliyochanganywa na glisarini. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe wakiwamo, basi tafuta ya ng'ombe yenye alama ya halali na umweleze mwigizaji kabla hujampaka. Hupakwa ikiwa vuguvugu, basi ijaribu joto kwanza kwenye kifundo chako cha mkono. Nayo huyeyuka: juani kwenye mawe ya Capri Point jijini Mwanza, mtu akitoka jasho, kidonda huanza kuteleza. Ratibu picha hizo asubuhi.

Damu ya sukari, rangi ya chakula na kakao kidogo hupendeza ndani ya nyumba. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, itakuletea nzi, na siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama moshi watanasa wote shavuni. Nje tumia glisarini badala ya sukari. Shati la akiba ni lazima.

Kama mwandishi wa hadithi anataka majeruhi aburuzwe majini, mpinge. Kichocho huingia hata kwenye ngozi nzima. Mpigie picha ndani ya mtumbwi, mmwagie maji safi ya ndoo.

Kibali cha filamu hutoka Bodi ya Filamu, kwa sheria ya mwaka 1976. Mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) waambiwe pia, maana mtu anayevuja damu mwaloni hukusanya umati na bodaboda za kumkimbiza hospitali.

Mwisho, weka mafuta ya kupikia, maji ya vuguvugu na taulo karibu. Lateksi hulainishwa kwanza kwa mafuta, ndipo ibanduliwe polepole kuanzia pembeni.