Punguza Matumizi ya Umeme Kwanza, Kisha Uhamie Nishati Safi

Kabla ya kununua paneli za sola, jua kwanza umeme wa nyumbani kwako unakwenda wapi, kwa sababu kila uniti unayoacha kuipoteza ni uniti ambayo hutalazimika kuizalisha. Kagua kifaa kimoja kimoja: zidisha wati zake kwa saa unazokitumia, ugawanye kwa 1,000, nawe utapata idadi ya uniti.

Hesabu hiyo hufichua jambo ambalo wengi hawalitarajii, yaani kwamba vifaa vinavyozalisha joto ndivyo vinavyomaliza umeme. Hita ya maji ya wati 3,000 ikiwaka kwa saa moja hutumia uniti 3, ilhali balbu ya LED ya wati 9 ingelazimika kuwaka kwa zaidi ya saa 330 ili kufikia kiasi hicho. Kwa hiyo anza na hita: funika tangi na mabomba kwa kihami joto (nyenzo inayozuia joto lisipotee), na uweke kidhibiti joto kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, wala usikishushe chini ya hapo, kwa kuwa bakteria hatari huweza kuzaliana katika maji vuguvugu ya tangini. Kwa jokofu, hakikisha mpira wa mlango unabana vizuri.

Mahitaji yakishapungua, mfumo mdogo wa sola utatosha. Elekeza paneli upande wa ikweta, mbali na kivuli, na umwachie fundi mwenye leseni kazi ya kuunganisha nyaya. Mpangaji asiyemiliki paa amuulize msambazaji wake kama anauza umeme wa jua, upepo au maji.