Kujifunza jambo lisitoke kichwani: kadi, vipindi na picha

Anayesoma kwa bidii na kusahau mara nyingi hana tatizo la akili. Namna anavyorudia ndiyo isiyozaa. Ukisoma ukurasa mara ya tatu, macho yanauzoea, maneno unayatambua, nawe unadhani umeyajua. Kumbukumbu huimarika pale unapojilazimisha kulitoa jibu kichwani bila kuangalia, tena likiwa limeanza kufifia. Chombo cha kazi hiyo ni kadi ndogo yenye swali mbele na jibu nyuma.

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alipima muda aliookoa alipojifunza upya orodha ileile. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, takriban theluthi mbili. Baada ya mwezi, karibu asilimia 80. Mporomoko mkubwa hutokea mapema, kisha kasi yake inapungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza hukaribiana, na yanayofuata huachana zaidi na zaidi. Muda kati ya rudio moja na lingine ndio kipindi.

Kuandika kadi

Hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe. Kwanza elewa somo. Kadi ya jambo usilolielewa utaikariri kama kasuku na itakutoka kama silabi za Ebbinghaus. Soma sura, funga kitabu, jieleze kwa maneno yako, kisha ndipo uandike swali mbele na jibu nyuma.

Kadi moja ibebe jambo moja. Chukua kadi hii mbaya: "Eleza vali za moyo." Jibu lina vipande vingi, leo utakumbuka vitatu, kesho viwili, wala hutajua ujihesabie umepata au umekosa. Ivunje (vali ni mlango wa damu, atiria ni chumba cha juu cha moyo, ventrikali cha chini): "Vali gani iko kati ya atiria ya kulia na ventrikali ya kulia?" Jibu: trikuspidi. "Vali ya trikuspidi huzuia damu isirudi wapi?" Jibu: atiria ya kulia. Kadi zinaongezeka, lakini kila moja inajibiwa kwa sekunde chache, na kipande kinachokusumbua hujitokeza peke yake bila kuvilazimisha vingine virudiwe.

Epuka maswali ya ndiyo na hapana, maana kubahatisha ni rahisi mno. Andika pia kadi za "kwa nini", si za majina na tarehe tu. Na utengeneze kadi zako mwenyewe: kuchagua cha kuuliza ni nusu ya kujifunza, na kadi za mtu mwingine hudhani unajua anachokijua yeye.

Ratiba

Kwa karatasi, tumia kisanduku chenye vyumba vitano, njia aliyoieneza Sebastian Leitner mwaka 1972. Chumba cha kwanza kirudie kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu siku 4, cha nne siku 8, cha tano siku 16. Ukipata jibu, kadi inasonga chumba kimoja mbele. Ukikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa ya tano. Usiionee huruma.

Programu kama Anki hufanya hesabu hiyo kwa kila kadi peke yake, kulingana na unavyojibu. Kosa kubwa huko ni vitufe. Kile cha "vigumu" ni cha jibu ulilolipata kwa taabu. Ukikosa kabisa, bonyeza cha kurudia. La sivyo programu inaamini unajua na kuisogeza kadi mbali. Tena sema jibu lote, kwa sauti au moyoni, kabla ya kugeuza kadi. Kugeuza haraka na kujisemea "ah, nilijua" kunaifuta faida yote.

Anza na kadi mpya 10 kwa siku. Zinaonekana chache, lakini baada ya wiki kadhaa zitazaa marudio 70 hadi 100 kila siku, yaani robo saa hivi. Anayeanza na 50 kwa furaha ya siku ya kwanza hulemewa kabla mwezi haujaisha, na wengi huachia hapo.

Picha kwa yale yanayogoma

Mambo yenye mpangilio hukaa vizuri kwa mbinu ya mahali. Chagua njia unayoijua ukifumba macho, mathalani nyumba yako kutoka mlangoni hadi mlango wa nyuma, na uweke picha moja kila kituo. Tuseme ni mionzi kuanzia mawimbi marefu hadi mafupi. Mlangoni redio kubwa imekuzibia njia. Kwenye kochi kuna mikrowevu, yai limelipuka ndani. Ukumbini pasi ya moto: infraredi. Juu ya meza ya jikoni, upinde wa mvua: mwanga unaoonekana. Kitandani amelala mtu aliyebabuka kwa jua: urujuanimno. Katika kioo cha bafuni unaona mifupa ya mkono wako: eksirei. Kitasa cha mlango wa nyuma kimepakwa gamu, mkono umenata: gama. Pita njia hiyo mbele, kisha kinyumenyume.

Picha iwe na tendo, ukubwa wa ajabu au mguso. Redio iliyotulia mezani haikumbukwi. Kwa jambo moja linalokwepa, sauti ya neno inatosha: trikuspidi ina vipande vitatu na iko kulia, basi ona jicho linalolia machozi matatu. Picha hizi nazo hufifia, hivyo ziingie kwenye kadi na kurudiwa kama mengine.

Mambo yakiharibika

Kadi uliyoikosa mara nane usiendelee kuipiga kichwani. Ama ni ndefu, ama hukuielewa, ama inafanana na nyingine. Ivunje, itafutie picha, au andika kadi ya kutofautisha hizo mbili. Ikiwa huihitaji, ifute.

Umekosa siku kadhaa na marudio yamerundikana? Simamisha kadi mpya, jiwekee kikomo cha kila siku, na uanze na zenye vipindi vifupi. Iliyokuwa irudi baada ya miezi minne haiumizwi sana na siku tano za kuchelewa. Ya siku mbili huenda imeshatoka.

Kama mtihani uko wiki ijayo, acha vipindi virefu na urudie kesho ulichosoma leo. Ukilenga kukumbuka mwaka mzima, rudio la wiki tatu baadaye lina faida kubwa kuliko la kesho yake.